Springla Zisizoinuka: Kisa cha Bustani Moja ya Usa River

Kiwanja kiko Usa River, juu kidogo ya barabara kuu ya Arusha–Moshi: mita 20 kwa 40, nyumba katikati, ukuta pande zote. Nyuma ya nyumba kuna nyasi mita 14 kwa 10. Mbele kuna mraba wa mita 9 kwa 9. Ubavuni, kati ya nyumba na ukuta, umebaki ukanda wa mita 2 kwa 12, nao ukapandwa nyasi kwa sababu tu ulikuwepo. Ni paspalamu, ilipandwa masika na ikashika vizuri, kama kinavyoshika karibu kila kitu kinachopandwa masika kwenye udongo wa majivu ya Mlima Meru. Kufika Septemba ilikuwa imegeuka kahawia, na mlinzi alikuwa anashika mpira wa maji saa mbili nzima kila jioni.

Fundi bomba akaitwa afunge springla. Kazi ilikwisha kwa siku mbili: springla 12 za kuchomoza ardhini upande wa nyuma, springla 4 za kugonga upande wa mbele, zote kwenye bomba la nusu inchi lililotoka kwenye simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa mita 3. Koki ikafunguliwa. Springla za nyuma zilichungulia sentimita mbili tatu, zikavuja shingoni, zikabaki hivyo hivyo. Za mbele hazikuzunguka kabisa. Fundi akashauri mnara uongezwe mita mbili. Mwenye nyumba akaona afadhali anunue pampu ya nusu hosipawa. Pampu ilipowashwa, springla tatu zilizo karibu nayo zilinyanyuka na kurusha maji mita moja na nusu, tisa zilizobaki zikaendelea kuchungulia.

Fundi huyu hakuwa mvivu wala mwizi. Viungo vyake havikuvuja na mitaro yake ilikuwa imenyooka. Alifunga springla kama anavyofunga bomba la jikoni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mnara, pampu na bomba

Bomba la jikoni likitoa maji kidogo, ndoo itajaa tu, hata kwa kuchelewa. Springla haina uvumilivu huo. Ile ya kuchomoza ina springi ndani inayoivuta chini, na mpira shingoni unaozuia maji yasipite pembeni. Inahitaji karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha) ili isimame wima na mpira ubane, kisha nozeli yenyewe inataka bar 2.1 ili irushe maji mita 4.6 kama ilivyotengenezwa. Chini ya hapo inavuja tu shingoni.

Kila mita 10 za kimo cha maji ni bar 1. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 3, likiwa limejaa, uso wa maji yake uko kama mita 4 na nusu kutoka ardhini: bar 0.45. Likikaribia kuisha, bar 0.3. Kuongeza mita mbili kungeleta bar 0.2 zaidi. Ili mnara peke yake uzitosheleze springla hizi ungepaswa kuwa na mita 21, sawa na ghorofa saba, bila kuhesabu kinacholiwa na bomba njiani.

Pampu ya nusu hosipawa ina kibandiko kinachosema kimo cha juu mita 40, mtiririko wa juu lita 40 kwa dakika. Mnunuzi huzisoma namba hizo mbili pamoja, akadhani atapata lita 40 kwa presha ya mita 40. Sivyo. Mita 40 ni pale maji yanapokuwa karibu yamesimama, na lita 40 ni pale presha inapokuwa karibu imekwisha. Katikati kuna mkunjo, yaani mstari unaoonyesha presha inavyoshuka kadiri maji yanavyoongezeka: pampu ndogo za aina hii, zikitoa lita 20 kwa dakika, hubaki na mita 24 hivi, zikitoa lita 30, mita 15. Mkunjo huo uko kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi la pampu, na mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza kutupwa.

Halafu bomba. La nusu inchi la plastiki jeusi, yaani milimita 20 kwa nje, lina tundu la milimita 16 hivi. Ukipitisha lita 27 kwa dakika kwenye mita 40 za bomba hilo, msuguano unakula mita 14 za presha. Kwa mtiririko huo pampu yetu inatoa mita 17. Zinabaki tatu, ukijumlisha na zile nne za mnara bado hujafika bar 1. Na springla 12 za nyuma, zikiwa na nozeli za mita 4.6, hazitaki lita 27. Zinataka 84: za pembe nne lita 3.5 kila moja, za pembeni sita lita 7 kila moja, za katikati mbili lita 14 kila moja.

Kosa la mbele lilikuwa la aina nyingine. Springla ya kugonga, ile ya shambani inayolia tak-tak-tak, hurusha maji mita 10 au zaidi ikipata presha yake. Kwenye mraba wa mita 9 maana yake ni kuosha ukuta, madirisha na gari. Hata kama presha ingetosha, zisingefaa.

Kuanza na ndoo

Marekebisho yalianza kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Koki iliyo karibu na mita ya maji ilifunguliwa yote, ndoo ikajaa kwa sekunde 75: lita 16 kwa dakika. Geji ya presha iliyofungwa kwenye koki hiyohiyo, maji yakiwa yamesimama, ilisoma bar 1.8 usiku wa manane na bar 0.6 saa nne asubuhi, wakati mtaa mzima unafua. Namba hizi mbili zinatosha kuonyesha kwamba bomba la mtaa haliwezi kuendesha springla moja kwa moja. Kufunga pampu kwenye bomba la mtaa ili kulivuta ni kuwanyang'anya majirani maji, na pia kunanyonya tope kupitia viungo vilivyolegea chini ya barabara. Maji lazima yapite kwenye tangi kwanza. Tangi lina faida nyingine: maji yakiingilia juu ya usawa wa maji yaliyomo, hakuna njia ya maji ya bustani, yenye udongo na mbolea, kurudi kwenye bomba la kunywa.

Kinachofuata ni kuhesabu nyasi zinakunywa kiasi gani. Lita moja juu ya mita moja ya mraba ni kina cha milimita 1, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Miezi ya jua kali, ukanda huu hewa hunyonya karibu milimita 5 kwa siku. Nyasi za joto kama paspalamu na ukoka hutumia takriban theluthi mbili ya hiyo, milimita 3.3. Springla hazigawi maji sawasawa na upepo hula chake, kwa hiyo ukitaka milimita 3.3 zifike mizizini panga kutoa 4.5. Kwa siku saba ni milimita 31 na ushei, sawa na kumwagilia mara tatu kwa milimita 10.5 kila mara.

Nyuma kuna mita za mraba 140, mbele 81, jumla 221. Mara moja ya kumwagilia ni lita 2,320. Kwa wiki karibu lita 7,000. Kwa mwezi ni yuniti 30 za maji (yuniti moja ni lita 1,000) juu ya matumizi ya nyumbani. Zidisha kwa bei ya yuniti ya mamlaka yako ya maji kabla hujachimba chochote. Wapo watu ambao, wakiona namba hiyo, hupunguza nyasi kwa nusu na kuweka kokoto na miti, na hatuoni kosa katika uamuzi huo, hasa kwenye mji ambao maji huja kwa mgao.

Hapa maji huja siku tatu kwa wiki. Kwa lita 16 kwa dakika tangi hupokea lita 960 kwa saa, kwa hiyo lita 2,320 hurudishwa kwa saa mbili na nusu. Likachaguliwa tangi la pili, la lita 5,000, likae chini kwenye zege, kwa ajili ya bustani peke yake. Linabeba mara mbili za kumwagilia; siku ya mgao ikirukwa, nyasi hazioni tofauti.

Kuna aliyependekeza mfereji upitao jirani badala ya tangi. Mifereji inayoshuka kutoka Meru ni ya zamani na ina wenyewe, na maji yake hatimaye ni ya Mto Kikuletwa na Nyumba ya Mungu. Kuchepusha maji hayo, au kuchimba kisima kirefu, kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani chini ya sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Kisima kina shida yake nyingine: maji mengi ya chini ya ardhi kuzunguka Meru yana floridi na magadi. Floridi hiyo haiui nyasi. Magadi ndiyo mabaya, kwa sababu yanafunga vinyweleo vya udongo wa juu hadi maji yanateleza badala ya kuzama, na yanaacha ukoko mweupe kwenye nozeli.

Mchoro mpya

Springla moja inatakiwa irushe maji hadi kwenye mguu wa springla inayofuata. Wengi hudhani huo ni upotevu, lakini springla yoyote hutoa maji kidogo karibu na mguu wake na kidogo tena mwishoni mwa mrusho wake, kwa hiyo pengo la moja lazima lizibwe na jirani yake. Ukizitenganisha ili uokoe mbili tatu, unapata miduara ya kijani yenye nyota za kahawia katikati.

Nyuma, mita 14 zilikatwa mara tatu, mita 10 zikakatwa mara mbili. Inatoka safu tatu za springla nne: kona 4 za robo duara, pembeni 6 za nusu duara, katikati 2 za duara zima. Mashimo ya fundi wa kwanza yalikuwa karibu palepale, kwa hiyo hapa hakuwa amekosea. Kilichobadilika ni nozeli. Zile za kupuliza kama mwavuli zimeondolewa, zikawekwa za michirizi inayozunguka taratibu, zinazoingia kwenye mwili uleule wa springla. Hizi hurusha hadi mita 5 zikipata bar 2.8 na hutumia chini ya nusu ya maji: robo duara lita 1.5 kwa dakika, nusu duara 2.9, duara zima 5.6. Eneo lote la nyuma likawa lita 34.6 kwa dakika badala ya 84. Bei ya nozeli moja ni ya juu, lakini inalipwa na pampu ndogo na bomba jembamba kuliko vile ambavyo lita 84 zingetaka, na valvu (koki ya umeme) moja badala ya mbili.

Sababu ya pili ni udongo. Nozeli za mwavuli zinamwaga karibu milimita 36 kwa saa kwenye mpangilio huu, na udongo wa hapa, ukishakanyagwa na mafundi wa ujenzi, haumezi hata nusu ya hiyo. Baada ya dakika kumi ni madimbwi. Michirizi inatoa kama 15 kwa saa.

Mbele, mraba wa mita 9 ulipata safu tatu za tatu: kona 4, pembeni 4, katikati 1, zikitenganishwa kwa mita 4 na nusu. Lita 23 kwa dakika. Springla nne za kugonga zilitolewa. Usichanganye aina mbili kwenye valvu moja hata kama zote zinafanya kazi: kwa dakika zilezile moja itamwaga mara tatu ya nyingine, na hakuna muda utakaozifaa zote mbili.

Ukanda wa ubavuni ulitakiwa uamuzi, si springla. Nyasi za upana wa mita 2 chini ya ukuta hazipati jua la kutosha na nusu ya maji huishia ukutani. Ziling'olewa, pakapandwa maua na mchaichai, na mistari minne ya mpira wa matone wa milimita 16 wenye tundu kila sentimita 30. Mita 48 za mpira, matundu 160. Na hapa ule mnara wa mita 3 ukapata kazi yake: matone hayahitaji bar 2.8. Tundu la lita 2 kwa saa, kwa bar 0.3, linatoa zaidi kidogo ya lita 1. Dakika 45 za koki wazi ni lita 130 hivi, bila umeme.

Kuchagua pampu kwa kuanzia mwisho

Anza kwenye nozeli ya mbali kabisa na urudi nyuma ukijumlisha. Nozeli bar 2.8, yaani mita 28. Mabomba madogo ya matawi mita 2. Valvu ya umeme mita 3. Chujio likiwa na uchafu kiasi mita 2. Mteremko wa kiwanja mita 1. Bomba kuu: kwa lita 35 kwa dakika kwenye mita 40 za bomba la milimita 32, hasara ni mita 1.7. Jumla ni karibu mita 38. Kwa bomba la zamani la milimita 20, mtiririko huohuo ungekula mita 23 peke yake, na hakuna pampu ya nyumbani ya bei nafuu ingeubeba mzigo huo. Tofauti ya bei kati ya roli la milimita 20 na la 32 ni ndogo kuliko tofauti ya pampu mbili.

Dukani basi usiulize hosipawa ngapi. Uliza pampu inayotoa lita 40 kwa dakika kwenye kimo cha mita 38 hadi 40, na uonyeshwe mkunjo. Kwa kawaida itakuwa ya hosipawa moja, kilowati 0.75, yenye mapanga kadhaa yaliyopangwa mfululizo. Inakaa chini ya usawa wa maji ya tangi ili isihitaji kunyonya. Swichi ya boya ndani ya tangi inaizima maji yakikaribia kuisha. Pampu inayozunguka kavu huyeyusha sili yake kwa dakika chache. Kinga ya volti nayo si anasa kwenye mtaa ambao kila mwezi nyumba mpya inaunganishwa umeme. Mota ikipewa volti ndogo huvuta mkondo mkubwa na kupata moto.

Vitu vilivyonunuliwa, mbali na tangi na pampu: bomba la HDPE (plastiki jeusi) la milimita 32 daraja la PN10, yaani la kubeba presha hadi bar 10, mita 50, la milimita 25 mita 100 (matawi ya nyuma yanakula 52, ya mbele 36), springla 21 za kuchomoza inchi 4, ambapo 12 ni zilezile za mwanzo zilizosafishwa, nozeli 18 za kurekebisha pembe na 3 za duara zima, kibano cha kutobolea bomba 21, mpira laini wa kuunganishia mita 8 na elbo zake 42, valvu mbili za inchi moja za volti 24, chujio la diski la inchi moja, meshi 120, valvu ya kuzuia maji kurudi, geji ya presha. Geji hiyo isikosekane, maana bila hiyo kila hitilafu ya baadaye itakuwa ya kubahatisha.

Kuchimba na kuunganisha

Vigingi na kamba vilipigwa kabla ya jembe, kila springla na kigingi chake, kisha mstari wa karo na wa bomba la maji taka ukawekewa alama ya chokaa. Mtaro wa bomba kuu ni sentimita 30, wa matawi 20 hadi 25. Nyasi zilikatwa vipande kwa sepeto na kulazwa upande mmoja, udongo upande wa pili, vipande vikimwagiwa maji kila saa. Matawi hulishwa katikati yake, si mwishoni, ili springla za pande zote mbili zipate presha inayolingana.

Chini ya njia ya gari bomba limepitishwa ndani ya bomba jingine la inchi 2, kina cha sentimita 45, pamoja na waya. Anayeruka hatua hii huja kuvunja zege au pevingi yake mwenyewe.

Springla haifungwi moja kwa moja juu ya bomba. Kati yake unawekwa mpira laini wa sentimita 30 wenye elbo mbili, ili gari au mashine ya kukata nyasi ikiikanyaga, izame na kurudi badala ya kuvunja kiungo kilichofukiwa. Kichwa kikae sawa na udongo uliokwisha shindiliwa. Kikizidi juu kinakatwa. Kikizama, nyasi zinakifunika ndani ya miezi miwili na mchirizi unapiga majani. Kutoka kwenye pevingi acha sentimita 5, kutoka ukutani 10 hadi 15.

Kosa moja lilitokea hapa, na hutokea karibu kila mahali: nozeli zilifungwa kabla ya kusafisha mabomba. Mabomba ya HDPE hukatwa kwa msumeno, na vumbi lake jeusi pamoja na mchanga ulioingia mtaroni viliziba nozeli saba ndani ya dakika ya kwanza. Zikafunguliwa zote, pampu ikawashwa kwa dakika tano kila upande maji yakitoka wazi, ya mbali kabisa yakimalizia. Ndipo nozeli zikarudi. Mitaro isifukiwe kabla ya mfumo kukaa na presha nusu saa na viungo kukaguliwa kwa mkono mkavu.

Upande wa umeme una jambo moja la hatari. Kontrola ya bustani, kifaa kinachofungua na kufunga valvu kwa ratiba, hutoa volti 24 za valvu. Haiwezi kubeba mota ya pampu. Kati yao lazima pawe na rilei au kontakta (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), ndani ya boksi, iliyofungwa na fundi umeme. Viungo vya waya vilivyo kwenye boksi la valvu vinataka konekta zenye grisi ya kuzuia maji. Tepu nyeusi inadumu masika moja. Kontrola iliyochaguliwa ni ya vituo vinne ingawa vinatumika viwili. Betri yake ndogo ikiisha, umeme ukikatika, kontrola nyingi za zamani hurudi kwenye ratiba ya kiwandani na kumwagilia kila siku bila mtu kujua. Kwa valvu mbili tu, koki za mkono zingetosha pia. Mlinzi yuko macho saa kumi alfajiri hata hivyo.

Kupima kwa makopo

Makopo 12 ya ukubwa mmoja, yenye pande zilizonyooka, yalitawanywa nyuma, pampu ikaenda nusu saa. Wastani ulikuwa milimita 7.4. Matatu yaliyopata kidogo zaidi yalikuwa na wastani wa 4.1, ambayo ni asilimia 55 ya wastani wote. Hiyo ni mbaya. Yote matatu yalikuwa kona moja. Geji ilisoma sawa, hivyo tatizo halikuwa pampuni. Springla ya kona ile ilikuwa imeinama kuelekea ukutani kwa sababu udongo wa kufukia haukushindiliwa. Iliponyooshwa na kushindiliwa, yale matatu ya chini yakapanda hadi 5.2, asilimia 70. Kwa bustani ya nyumbani inatosha. Kutafuta 85 ni kupoteza siku.

Kwa kasi hiyo milimita 10.5 zinahitaji dakika 42 nyuma na 37 mbele. Hazitolewi kwa mkupuo. Nyuma dakika 21, mbele 19, kisha nyuma 21 na mbele 18, ili maji yapate muda wa kuzama. Kuanza saa 10 alfajiri, kumaliza kabla ya saa 11 na nusu: upepo umelala, volti iko juu, na majani yanakauka mapema jua likitoka. Kumwagilia saa mbili usiku huacha majani yakiwa na unyevu hadi asubuhi, na madoa ya ukungu hufuata. Pampu inatumia karibu yuniti 4 za umeme kwa wiki.

Mara tatu kwa wiki ni za Septemba, Oktoba na za Januari na Februari. Juni na Julai, Meru hujifunika mawingu na baridi. Mara mbili, pengine moja. Vuli ikishika punguza kwa kuangalia, masika zima kabisa. Njia ya kuangalia ni kukanyaga: nyasi zikisimama tena mara moja bado zina maji, nyayo zikibaki zimelala, mwagilia.

Mji unapokua

Miezi minne baadaye malalamiko yalirudi: springla za nyuma hazifiki. Geji ya kabla ya chujio ilisoma bar 3.6, ya baada ya chujio bar 2.1. Diski zilikuwa zimejaa tope laini la rangi ya kutu, kwa sababu barabara ya mtaa ilikuwa inachongwa na bomba kuu lilikuwa limekatwa na greda mara mbili. Diski zilisuguliwa kwa mswaki, presha ikarudi. Tangu hapo chujio husafishwa kila wiki mbili kiangazi, na mara moja kila bomba la mtaa likikatwa, na tangi hupigwa deki kabla ya masika.

Ndoo ilijazwa tena siku hiyo: sekunde 95 badala ya 75, yaani lita 12.6 kwa dakika. Nyumba sita mpya zilikuwa zimeunganishwa kwenye bomba lilelile. Kwa kuwa mfumo unategemea tangi, springla hazikubadilika. Kujaza lita 2,320 sasa kunachukua saa tatu na dakika chache. Ikifika dakika mbili kwa ndoo bado mgao wa siku moja utatosha, mradi boya la kuingiza maji lisikwame.

Mwenye nyumba anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha upande wa nyuma, vitakavyokula mita 4 za nyasi kati ya zile 14. Safu ya mwisho ya springla tatu itatolewa, matundu yake kwenye bomba yatazibwa kwa plagi, na safu inayofuata, iliyo mita 4.67 kutoka ukingo, itakuwa karibu na msingi mpya: mbili za nusu duara zitageuzwa kuwa robo na ile ya katikati kuwa nusu, zikivutwa nyuma kidogo ili zisilowanishe ukuta. Mtiririko utashuka hadi lita 23 hivi. Pampu italazimika kufanya kazi na presha ya juu zaidi kwa maji hayo machache, kwa hiyo koki iliyo baada ya pampu itabanwa hadi geji ya baada ya chujio irudi kwenye bar 3.3. Mchoro wenye vipimo kutoka kwenye kona za nyumba umebandikwa ndani ya mlango wa boksi la kontrola, ili fundi wa msingi ajue pa kuchimba.